Aliyelala Juu ya Dari la Gari

Kitambaa cha dari la gari kilianza kushuka mwezi wa tisa, wakati jua la Shinyanga linapochoma hadi mabati yanalia yenyewe mchana. Kilianzia nyuma, karibu na kioo, kikajitenga na ubao wake kidogo kidogo kama utando wa maziwa yaliyopoa. Wiki ya pili kilikuwa kinamgusa Asteria nywele kila gari lilipopita kwenye tuta. Asteria alikuwa na miaka minane. Alikisukuma juu kwa kidole, kikarudi chini. Akawaambia wazazi wake kwamba gari limeota kitambi, na wote watatu wakacheka, kwa sababu wakati huo kilikuwa kitambaa tu.

Ni jambo la kawaida kwa magari ya mtumba. Kati ya kitambaa na ubao wa dari kuna sponji nyembamba, na sponji hiyo ikipigwa na joto miaka mingi hugeuka unga, gundi ikakosa cha kushika. Fundi wa viti vya magari alisema gari liachwe kwake siku nne. Makoye, baba yake Asteria, akasema hawezi kukaa siku nne bila gari, na kwamba mtu anayepanda juu ya kenchi za paa kila siku hatashindwa na kitambaa.

Makoye alikuwa seremala hapo Kambarage. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka kumi na moja kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Hakuwa mchimbaji, alikuwa mpiga matimba. Matimba ni yale magogo yanayosimamishwa ndani ya shimo ili mwamba usiwaangukie watu walio chini. Mkewe, Mektilda, mzaliwa wa Ushirombo, alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na mtoto wao mdogo, Innocent, ambaye alikuwa bado anatambaa, alishinda miguuni pake akichezea vipande vya nguo.

Jumamosi asubuhi Makoye alitazama video mbili kwenye simu, akaanza. Alifungua vizuia jua, vishikio vya mkono na taa ya ndani, skrubu akizipanga kwenye kifuniko cha ndoo ili zisipotee. Alichomoa klipu za nyuma, akalaza viti, na yeye na Mektilda wakautoa ubao wa dari kupitia mlango wa nyuma, wakiuinamisha taratibu usivunjike. Kitambaa kilibanduka chenyewe. Sponji ilimwagika uani kama unga wa muhogo uliooza. Akausugua ubao kwa brashi mpaka ukawa safi, akapaka gundi, akasubiri hadi ilipoacha kunata kidoleni, kisha wakalaza kitambaa kipya cha kijivu, nusu kwanza, nusu baadaye, Mektilda akikinyoosha kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni kama anavyofanya kwenye shela la bibi harusi. Kilikaa vizuri, hata kunjo moja hakikuwa nalo.

Kasoro ilionekana baada ya kuurudisha ubao garini. Ulikuwa umelowa gundi na kulegea katikati. Makoye akakata fito nne za mkaratusi, akaweka kipande cha ubao kilichofungwa kanga chini ya dari, akazisimamisha fito juu ya viti na kuzikaza kwa kuzigonga chini, moja baada ya nyingine. Gundi ingekauka, dari lingekuwa limenyooka.

Hapo mkono wake ukafanya jambo ambalo kichwa hakikuuagiza.

Kule shimoni, mpiga matimba akishakaza gogo la mwisho hugonga mwamba mara tatu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mwamba mzima hujibu kwa sauti kavu, uliopasuka hujibu kwa sauti ya mtungi. Huo ni ufundi, na umeokoa watu wengi. Lakini baada ya kugonga yapo na maneno. Wachimbaji wa zamani wanasema mwamba una mwenyewe, jini aliyekuwapo kabla ya shimo, naye amelala juu ya vichwa vya wote na huchoka kujishikilia. Kwa hiyo mpiga matimba humwambia kwa upole, kila gogo, kila siku: Lala, nimekubeba. Mtu mwingine shimoni hayasemi maneno hayo, na hakuna anayeyasema juu ya ardhi.

Makoye aligonga dari la gari mara tatu.

"Lala," alisema, huku akitafuta kitambaa cha kufutia gundi mikononi. "Nimekubeba."

Juu ya ubao pakasikika kitu kikimiminika polepole, kama changarawe kwenye ungo. Makoye alidhani ni mabaki ya gundi kavu. Akafunga milango, akaenda kunawa.

Jumapili, baada ya misa, alirudi kuziondoa fito. Zilikuwa zimezama kwenye viti kwa kina cha kidole kizima, na moja ilikuwa imepasuka kwa urefu wake wote. Ulikuwa mkaratusi mbichi, ambao yeye mwenyewe alishindwa kuuvunja gotini. Harufu iliyokuwa ndani haikuwa ya gundi. Ilikuwa ya mwamba uliolowa, jasho la watu wengi, na baruti iliyokwisha kulipuka, na Makoye, ambaye alikuwa na miaka sita bila kuinusa, alijikuta amesimama uani mwake juani huku mabega yake yamejikunyata kama mtu anayengoja kitu kianguke. Alizitoa fito haraka. Hakusema neno lolote wakati akizitoa. Dari halikushuka. Lilikuwa limenyooka, zuri. Jirani yao Eunice alichungulia juu ya ua, akasema kumbe Mungu aliweka mafundi wengine wakajificha kwenye useremala.

Siku nne za kwanza ni Makoye aliyebeba.

Hakujua kuwa amebeba. Alijua tu kwamba akikaa kwenye usukani kichwa kinakuwa kizito, kama amejitwika gunia la mpunga lililolowa, na akishuka uzito unakuja naye mpaka mlangoni, halafu mpaka mezani, halafu mpaka kitandani. Mektilda alimsugua shingo kwa mafuta. Alhamisi alikwenda Mwadui kupima milango, na njiani alisikia changarawe tena juu ya dari, kisha sauti ya mtu mkubwa anayejigeuza kitandani, na kitambaa kipya kikabonyea kuelekea kwake katika sehemu tatu, mbili pana na moja ya mviringo, mabega mawili na kisogo.

Mchana huohuo alimpitia Asteria shuleni. Mtoto alipanda nyuma, akamwamkia, akaona baba hajageuka. Alikuwa ameinamia usukani, jasho linadondoka puani, anaguna kama watu wanavyoguna wakivuka mto na mizigo. Asteria hakuona mzigo. Lakini aliona mtu mzima ameelemewa, na alikuwa amefundishwa vizuri. Nyumbani kwao, na shuleni, na kila mahali alipowahi kufika, mtoto akimwona mkubwa ana mzigo hukimbia, hunyoosha mikono miwili na kusema neno moja.

"Baba, naomba nikupokee."

Makoye alijibu kama mzazi yeyote angejibu, bila kufikiri. "Haya mwanangu, pokea."

Shingo yake ikawa nyepesi papo hapo. Alinyoosha mgongo, akapumua, akaona barabara, watu, baiskeli zilizobeba mkaa, kila kitu kikiwa wazi na chepesi, na furaha yake ilidumu kwa muda wa kuwasha gari tu, maana alipoinua macho kwenye kioo cha kutazamia nyuma hakuuona uso wa binti yake. Aliona utosi wake. Kidevu cha mtoto kilikuwa kimegandamizwa kifuani.

Kuanzia siku hiyo Asteria hakuinua kichwa. Mwalimu wake aliwaita, akawaeleza kwa huruma kwamba mtoto haoni ubao, anaandika kwa kusikiliza. Hospitalini walimpiga picha, wakatazama mifupa ya shingo, wakasema haijavunjika, wakampa kola ya kuvaa. Asubuhi kola ilikutwa imepasuka mshononi. Mektilda alikuwa na ushahidi wake mwingine, na alikaa nao siku mbili kabla ya kumwambia mumewe. Yeye ndiye aliyeshona sketi ya shule ya Asteria mwezi wa saba, na vipimo vya kila mtu aliviandika kwenye daftari. Sketi ilikuwa inaishia gotini. Sasa ilishuka chini ya goti kwa vidole viwili. Alimpima mtoto mara tatu kwa tepu, akiwa amemsimamisha, kisha akiwa amemlaza.

"Amepungua," alimwambia mumewe kwa sauti ndogo. "Baba Asteria, mtoto anapungua."

Makoye alichukua kisu, akaenda garini saa saba ya mchana, akakipasua kitambaa cha dari na kukivuta chote. Kilitoka na gundi yake. Upande wa ndani, kwenye gundi iliyokuwa bado inanata, palikuwa na alama ya mgongo. Uti wake ulikuwa na mafundo mengi kuliko ya binadamu, na mabega yalikuwa mapana kiasi kwamba kitambaa hakikuyatosha. Lakini mwenye mgongo hakuwapo. Akaung'oa na ubao; juu yake palikuwa na bati tupu.

Alimkuta Asteria chini ya kivuli cha nyumba, kipaji cha uso mkekani. Innocent alikuwa pembeni anajaribu kupanda mgongoni kwake. Asteria alimsukuma mdogo wake kwa kiwiko, kwa ukali ambao hakuwa nao zamani.

"Mtoe, baba. Mtoe asinikaribie."

Makoye alimwinua Innocent, akauliza kwa nini.

"Anasema nikichoka nimpe Innocent." Mtoto alisema maneno hayo akiuangalia mkeka. "Kila siku ananiuliza kama nimechoka. Nasema sijachoka."

"Nani, mwanangu?"

"Anasema nisiseme."

Makoye alipiga magoti, akamshika mashavu binti yake na kusema basi nipe mimi, mimi ndiye baba, nipe. Akavuta kwa juu, kama mtu anayempokonya mwingine ndoo kichwani. Kitu kikaalika ndani ya shingo ya mtoto, Asteria akalia kwa maumivu, na kutoka mahali fulani juu ya nywele zake, juani, mbele ya macho ya baba yake, pakamwagika changarawe nyeusi zilizolowa, kiasi cha kujaa kiganja, zenye harufu ya baruti.

Mektilda alimpeleka mtoto kwa katekista, wakasali naye saa nzima, na siku ile Asteria alilala bila kuguna. Kesho yake vidole viwili vikawa vitatu. Ndipo Makoye akasema twende Ibadakuli, kuna nfumu, mganga, mwanamke anaitwa Mageni. Mektilda alikuwa na maneno mengi ya kusema juu ya waganga, lakini alimtazama mtoto, akaenda kuvaa viatu.

Walimwacha Innocent kwa Eunice. Gari wakaliacha nyumbani.

Mageni hakuwa mzee. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, anapepeta mtama uani, simu imechomekwa kifuani. Alimwona Asteria kutoka mbali, akaweka ungo chini na kuwaonyesha mkono wasimame hapohapo.

"Msiingie kivulini kwangu," alisema. "Kaeni juani. Huyo msimlete chini ya paa langu."

Walikaa juani. Makoye alimweleza yote, tangu kitambaa hadi changarawe. Alipofika kwenye kugonga mara tatu Mageni alitema mate pembeni, na aliposikia maneno yenyewe alicheka, kicheko kisicho na furaha hata kidogo.

"Kwa hiyo umesimamisha magogo, ukagonga, ukaita. Ukamwekea shimo ndani ya gari. Mwanamume mzima."

"Nilisema kwa mazoea tu, mama."

"Na mtoto akapokea kwa adabu. Wala simlaumu yeye." Alimtazama Mektilda, sauti ikalegea kidogo. "Umemlea vizuri. Kwa mtoto mkorofi asingepata njia."

Kisha akawaeleza, akihesabu maneno kama anayepima dawa. Kule chini mwenye mwamba hulala juu ya gogo, na gogo halina mdogo wake, kwa hiyo hutulia. Lakini akishabebwa na mtu hataki tena mti, kwa sababu mtu ana mdogo wake, na mdogo naye ana mdogo wake, na mzigo hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, ndivyo ulivyo tangu zamani. Anachotaka ni kushuka mpaka kwa aliye mdogo kuliko wote, asiyeweza kusema nimechoka wala sijachoka. Huyo atamlalia mpaka mwisho.

Mektilda alishika titi lililojaa maziwa ya Innocent.

"Mpokee wewe," Makoye alimwomba mganga. "Wewe una nguvu."

"Nina watoto wanne. Sikubali hata kuiweka simu yangu karibu na huyo."

"Basi nimpokee mimi. Nimejaribu, akamuumiza mtoto."

"Hukupokea. Ulipokonya. Mkubwa hampokei mtoto, humpokonya. Ukijaribu tena utabaki na kichwa cha mtoto mikononi." Mageni aliokota ungo wake. "Tafuta aliye mdogo kuliko binti yako. Au uwe mdogo wewe. Sina lingine, nendeni, na msipite karibu na ng'ombe wangu."

Walipofika nyumbani ilikuwa karibu saa saba. Makoye alimwambia mkewe alete kiti chake, kile cha mikono anachokalia yeye peke yake, akiweke uani. Akamkalisha Asteria juu yake. Akavua viatu, akavua saa, akavua shati, akapiga magoti kwenye mchanga wa moto mbele ya binti yake wa miaka minane na kuinamisha kichwa mpaka chini ya kichwa chake.

"Shikamoo," alisema.

Asteria hakujibu. Hakuna mtoto wa pale ambaye angejibu. Ni aibu, ni kama kumpiga mzazi kibao, na hata katika maumivu yale mtoto alisikika akianza kulia kwa sababu baba yake alikuwa akimfanya akose adabu. Nyuma ya ua Eunice, aliyekuwa amembeba Innocent, aliuliza kwa mshangao kama Baba Asteria amepatwa na wazimu, hivi leo watu wanawaamkia watoto wao. Mektilda alikwenda kumchukua Innocent, akarudi naye, akasimama mbali kadiri ua ulivyoruhusu.

"Itikia, mwanangu," Mektilda alisema. "Mimi mama yako nakuruhusu."

"Anasema baba anadanganya," Asteria alinong'ona. "Anasema baba ni mkubwa."

Makoye hakubishana. Alimletea maji ya kunawa, akamnawisha kwa magoti. Mektilda alileta ugali na maziwa ya mgando. Asteria akala kwanza, baba akangoja chini, kisha akala makombo kwenye sahani yake. Alimwomba ruhusa ya kwenda chooni, akangoja mpaka aliporuhusiwa. Jua lilisimama juu ya vichwa vyao bila kusogea. Alimuuliza afanye kazi gani, na mtoto, kwa sauti iliyokuwa inakatika, akamtuma kufagia ua, naye akaufagia wote kwa mikono huku majirani sasa wakiwa watatu kwenye ua, mmoja akirekodi kwa simu, na kila alipomaliza alirudi kwenye mchanga na kusema tena shikamoo, na kila aliposema kichwa cha Asteria kilisukumwa chini zaidi, kidevu kikizama kifuani, mafundo ya uti wake yakitokeza juu ya kola ya gauni moja baada ya jingine, na harufu ya mwamba uliolowa ikajaa uani hadi kuku wakajificha chini ya gari, na Mektilda akaona, au baadaye alisema aliona, kwamba kivuli cha mtoto pale chini kilikuwa na mabega mapana kuliko kiti, na kwamba mabega hayo yalikuwa yanatikisika polepole kama ya mtu anayecheka na kujizuia.

"Shikamoo, dada," Makoye alisema mara ya tisa. Alikuwa analia. Alisema kama mtoto aliyepotea sokoni anavyomwita dada yake, hakuwa tena na aibu wala cheo wala umri.

Asteria alimtazama kwa chini ya nyusi. Alimwona mdogo.

"Marahaba," alijibu.

"Dada, naomba nikupokee."

"Haya. Pokea."

Kilichofuata kilionekana na wote waliokuwa kwenye ua, na kila mmoja amekieleza tofauti, lakini wote wanakubaliana juu ya sauti, ile sauti ya shimo linalokubali kuanguka, kwanza changarawe, kisha mawe, kisha kitu kizima, na juu ya kukubaliana kwao wanaongeza kwamba Makoye alibonyea hapo alipopiga magoti kana kwamba gari lilikuwa limemshukia, uso wake ukagonga mchanga, magoti yakachimba mashimo mawili, na pale juu ya kiti mtoto akainua kichwa, akatazama mbingu kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, akafumba macho kwa sababu ya mwanga.

Asteria alipona. Sketi ilirudi gotini kabla ya Krismasi, na mwaka uliofuata mama yake alilazimika kuiongeza pindo.

Makoye hakupona, wala hakutarajia kupona. Aliacha kupanda juu ya nyumba, akawa anatengeneza stuli na vigoda akiwa amekaa chini. Alitembea ameinama, macho kwenye vidole vya miguu. Gari lilibaki uani bila dari, kuku wakitaga humo. Kila siku alfajiri, kabla ya mtu yeyote kusema neno lolote ndani ya nyumba, alipiga magoti mlangoni pa binti yake na kumwamkia, na binti yake akaitikia, na hapo ndipo siku ilianza. Hawakuruka hata siku moja, kwa sababu waliogopa kujua kitatokea nini. Asteria alifundishwa upya, na mama yake ndiye aliyemfundisha, kwa machozi: akimwona mtu mzima na mzigo akunje mikono, ageuke, apite. Watu wa Kambarage walisema mtoto wa Mektilda ameharibika, hana heshima. Mektilda alisikia, akaendelea kushona.

Ilikuwa hivyo mwaka mmoja na nusu. Asteria akawa na miaka kumi, na akapata marafiki watatu wa kwenda nao shuleni, Monika na wadogo zake wawili, mabinti wa familia mpya iliyohamia kutoka Bukombe, watoto wapole, wasafi, wenye malezi mema.

Asubuhi moja walimpitia mapema. Walisimama kwenye mlango wa ua na mabegi yao mgongoni wakati Makoye alikuwa bado hajamaliza safari yake ya kutoka chumbani. Aliwasikia, lakini hakuweza kuinua kichwa kuwaona. Akapiga magoti mbele ya binti yake, aliyekwisha kutoka uani kuwakuta wenzake, mbele yao.

"Shikamoo, dada."

Asteria alimtazama baba yake, akawatazama wenzake. Uso wake uliwaka kwa aibu. Alikuwa na miaka kumi tu. Akafunga mdomo, akasema moyoni kwamba ataitikia wakishatoka nje ya ua, au kesho ataitikia mara mbili.

Makoye alingoja. Mektilda alisimamisha cherehani.

Kisha jibu likatoka, nene, la taratibu, lenye changarawe ndani yake, kutoka juu kidogo ya kichwa cha Makoye, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Marahaba."

Watoto wa mlangoni walilisikia vizuri. Ilikuwa sauti ya mtu mzima sana, mkubwa kuliko wote waliowahi kuwasikia, na walikuwa wamefundishwa tangu wakiwa mgongoni mwa mama yao jinsi mtu wa namna hiyo anavyostahili kuamkiwa. Waliinama kidogo, wote watatu kwa pamoja.

"Shikamoo."

Monika, aliyekuwa mbele, aliona jinsi yule baba alivyoelemewa pale chini. Akalivua begi lake, akaliweka kando, akaja mbio huku amenyoosha mikono miwili.